Umoja wa nyumba 34 unataka mtaa wa kijani: waanze na lipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa umoja wa wamiliki wa nyumba 34 pembezoni mwa Mtwara mjini, njia ya Naliendele. Tulianza kwa ajili ya ulinzi na kuchonga barabara, na kila nyumba inachanga shilingi 10,000 kwa mwezi. Sasa wajumbe wanataka mtaa uwe wa kijani. Mezani yapo mapendekezo manne: tuweke peving barabarani na kwenye nyua zetu ili tope liishe, tukate mikorosho iliyobaki kwa sababu inachafua, tuchimbe kisima kirefu cha pamoja, na tununue mapipa ya taka ya rangi tatu kwa kila nyumba. Msimu wa mvua uliopita nyumba tano za bondeni ziliingiliwa na maji. Wapo wanaosema mazingira ni mambo ya wenye fedha. Tuanze na lipi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni kile ulichokitaja karibu na mwisho kama jambo la kupita: nyumba tano za bondeni ziliingiliwa na maji. Hapo ndipo pa kuanzia. Katika mapendekezo yenu manne hakuna hata moja linalozisaidia nyumba hizo, na la kwanza litaziumiza zaidi.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya bati inatoa lita 1 ya maji. Nyumba ya vyumba vitatu, ukijumlisha baraza na jiko la nje, inaweza kuwa na paa la mita za mraba 120. Ikija mvua moja nzito ya Januari, ile inayoanza alfajiri na kukata saa nne asubuhi, ikaleta milimita 50, paa hilo limemwaga lita 6,000. Zidisha kwa nyumba 34 upate lita 204,000, za asubuhi moja, kutoka mapaani peke yake. Kwa sasa kila nyumba inayatoa getini, barabara inayapokea, na barabara yenu inaelekea kwa wale watano.

Sasa fikiria peving. Sisi wa Mtwara tumejaliwa udongo wa kichanga, unaokunywa maji upesi kuliko ule mfinyanzi wa watu wa bara. Ua wa mchanga wenye majani unapokea sehemu kubwa ya mvua yake wenyewe bila kumsumbua jirani. Ukishausakafia ukuta hadi ukuta, kiwanja kizima kimegeuka paa la pili. Kama kila mmoja wenu atafunika mita za mraba 200 tu za ua wake, mtakuwa mmeongeza mara mbili na zaidi maji yanayoshuka bondeni, na mtakuwa mmelipa fedha kwa kazi hiyo. Wenye gari waweke njia mbili za tofali pale matairi yanapopita, katikati waache nyasi. Barabara ichongwe iwe na mgongo katikati, na mitaro ya pembeni isiwe ya zege mfululizo. Kila baada ya mita kumi au kumi na tano muwe na shimo la kufyonza lililojazwa mawe, maji yapumzike humo na kuzama. Shimo la mita 1 kwa 1, kina mita 1.5, likijaa mawe bado linabeba lita 600 kwa mara moja, na kwenye mchanga linajimwaga chini huku likiendelea kupokea. Mashimo hayo yakae mbali na msingi wa nyumba, angalau mita 3, na mbali kabisa na makaro ya choo.

Lakini mashimo ni msaada tu. Dawa ya lita zile 204,000 ni kuzizuia zisifike barabarani, na hapo ndipo ninapotaka umoja wenu uweke fedha zake zote za mwaka wa kwanza: gata, yaani mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa bati, na tangi kwa kila nyumba.

Nakwambia hivi nikiwa na kosa langu moyoni. Miaka mingi iliyopita niliwashauri wakazi wa mtaa mmoja kule Lindi wanunue mapipa ya rangi tatu, kama mnavyotaka ninyi. Yalinunuliwa na yakapendeza. Baada ya miezi minne, mapipa ya kijani na ya bluu yalikuwa jikoni yamehifadhia maji, na taka zilikuwa zinachomwa nyuma ya uzio kama zamani. Niliwakasirikia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba watu wale walikuwa wananijibu swali ambalo sikuwauliza: shida yao ya kila siku ilikuwa maji. Tangu hapo sijaanza na taka mahali popote ambapo mama anaamka saa kumi usiku kukinga maji.

Kwa hiyo tuongee maji ya paa, maana ndiyo yaliyo na mengi.

Kwetu kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba au Desemba na Aprili au Mei, kisha ukavu mrefu wa kipindi cha kusi. Watu huniambia, "Mwalimu, tangi la lita 5,000 litafaa nini kwa miezi sita ya jua?" Kwa kila kitu, halitafaa. Familia ya watu sita inayotumia lita 40 kwa kichwa itamaliza lita 5,000 kwa wiki tatu. Ila mkiamua kwamba maji ya tangi ni ya kunywa na kupikia tu, lita 30 kwa siku kwa nyumba nzima, tangi hilohilo litawafikisha siku 166. Hiyo ni zaidi ya miezi mitano. Kufua, kuoga na kumwagilia viendelee na maji ya bomba au ya kununua. Kanuni hii moja, ikikubaliwa ndani ya nyumba, ina faida kuliko kununua tangi kubwa zaidi. Tena wakati wa mvua mambo yanageuka: hapo mfue na muoge kwa maji ya tangi kwa wingi, ili kila mvua ikija likute lina nafasi. Tangi lililojaa haliwasaidii wa bondeni.

Gata ziwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 2, zifungwe kwa vyuma vilivyokaribiana, kwa sababu upepo wa mvua zetu hauna huruma na gata iliyolegea hutuamisha maji katikati na kuzalisha mbu. Tangi likae juu ya jukwaa la tofali lililosawazishwa, lifunikwe, na mdomo wa bomba la kumwagia ziada ufungwe chandarua. Bomba hilo la ziada lielekezwe kwenye shimo la kufyonza la ndani ya kiwanja. Lisitoke getini. Hili liandikeni katika katiba yenu kwa herufi kubwa.

Kisha kuna jambo la salfa, ambalo vitabu vya kutoka kwingine havitawaambia. Kuanzia Juni hivi hadi Septemba wakulima wanapulizia mikorosho unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Unga ule hauishii kwenye maua. Unatembea na upepo na kutua juu ya mapaa, pamoja na vumbi, majani na kinyesi cha ndege cha nusu mwaka. Mvua ya kwanza ikiingia tangini moja kwa moja, mmekunywa yote hayo. Kwa hiyo kila mwaka mwezi Juni chomoeni bomba la kuingilia tangi. Mvua zikianza, acheni zile mbili za kwanza zilizo nzito zioshe bati, fagieni gata, ndipo mrudishe bomba. Na kwa mvua zinazofuata, maji ya mwanzo yapitisheni kwanza kwenye pipa la lita 200 lililotangulia tangi. Pipa likijaa ndipo maji yavuke. Kwa paa la mita za mraba 120 mnakuwa mmetupa zaidi ya milimita 1 na nusu ya mwanzo, ile iliyobeba uchafu, na maji ya pipa hilo ni mazuri kwa bustani. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

Sasa utaona kwa nini nimeacha taka nyuma. Leo jirani akichoma taka, wengine mnafunga madirisha na kunung'unika. Siku nyumba 34 zitakapokuwa zinakunywa maji ya mapaa yao, majivu ya plastiki yanayorushwa na kusi yatakuwa yanatua kwenye kikombe cha mtoto wa kila mmoja wenu. Hapo hamtahitaji faini. Mama mwenye tangi atamfuata jirani yake jioni hiyohiyo na kumweleza, na ataeleweka, kwa sababu jirani naye analo. Hata yule anayepulizia salfa kwenye kiwanja cha jirani mtazungumza naye vizuri: apulizie alfajiri na mapema, umande ukiwa bado majanini na upepo umelala, kama anavyojua mwenyewe kwamba ndivyo dawa inavyoshika. Umoja unaojengwa juu ya kitu ambacho kila mmoja anakilinda kwa ajili ya nyumba yake unadumu. Unaojengwa juu ya makaripio ya katibu hauvuki mwaka, na wewe katibu ndiye utakayechukiwa.

Taka zenyewe, basi. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya ndoo ya taka ni vitu vya kuoza: maganda ya mihogo na ndizi, mabaki ya ugali, matumbo ya samaki, majani. Hivyo vikitoka kwenye ndoo, kinachobaki ni kikavu na hakinuki, na kirikuu la taka linaweza kuja mara moja kwa wiki badala ya mbili. Nyumba tatu tatu ziwe na shimo moja la mboji kivulini. Wekeni ndoo moja ya taka mbichi kwa ndoo mbili au tatu za majani makavu, nyunyizeni maji kidogo, geuzeni kila baada ya wiki mbili. Kwa joto letu, baada ya miezi mitatu hivi mna mboji. Matumbo ya samaki yafukiwe katikati kabisa, la sivyo mtakesha na paka. Mabibo nayo huoza vizuri yakichanganywa na majani makavu mengi. Maganda magumu ya korosho msiyatie kabisa, wala msiyachome jikoni: yana mafuta yanayounguza ngozi, na moshi wake unaumiza macho na kifua. Chupa za plastiki na makopo tengeni kwenye gunia moja la umoja, waokotaji watakuja kuyachukua wenyewe. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo hilo sitawachosha nalo.

Kwa mboji mnahitaji majani makavu, na majani makavu yanatoka kwenye mikorosho ile mnayotaka kuikata. Nakusihi uipiganie. Mkorosho mkubwa upande wa magharibi wa nyumba unaukinga ukuta na jua la saa tisa alasiri, na chumba kinapoa bila feni. Mizizi yake inafungua njia ya maji ardhini, majani yake yaliyoanguka yanaizuia mvua isichimbe mchanga. Tena unatoa korosho! Sijawahi kuelewa mtu wa Mtwara anayekata mkorosho ili apande ashoki. Ninachokubali ni kwamba mti ulioachwa miaka mingi bila kupogolewa ni kero: matawi yanalalia bati na majani yanaziba gata. Jawabu lake ni kupogoa. Ninyi mko jirani na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, ambacho korosho ndiyo kazi yake kubwa. Andikeni barua kupitia ofisi ya mtaa, muombe mtaalamu awaonyeshe namna ya kupogoa.

Kisima kirefu cha pamoja ningekiweka kando, na sababu ninazo mbili. Ya kwanza ni choo. Viwanja vyenu, kama ni vya kawaida, havizidi mita 20 kwa 30, na kila kimoja kina karo na shimo lake. Umbali unaoshauriwa kati ya kisima na shimo la choo ni mita 30 au zaidi. Chukua ramani ya mtaa na bikari, chora duara la mita 30 kuzunguka kila shimo, kisha uniambie ni wapi ulipopata nafasi ya kisima. Ya pili ni chumvi. Katika ukanda wa pwani maji baridi ya ardhini yanaelea juu ya maji ya bahari, na kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari kuna takriban mita 40 chini yake zinazoshikiliwa nayo. Mkivuta kwa pampu mkashusha mita ile 1, chumvi inaweza kupanda kiasi hicho cha mita 40, na ikishapanda haishuki kwa haraka. Ninyi mmeingia bara kidogo kuliko watu wa Shangani au Mikindani, kwa hiyo hatari ni ndogo kwenu, lakini kadiri wachimbaji wanavyoongezeka ndivyo inavyokaribia. Kama wajumbe watashikilia kisima, sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inadai kibali, na ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini iko hapahapa Mtwara. Nendeni kabla ya kumlipa mchimbaji hata senti. Kumbukeni pia kwamba kila lita mnayoizamisha kwenye mashimo ya mvua ni akiba ya visima vilivyopo tayari mtaani.

Fedha. Shilingi 10,000 kwa nyumba 34 ni 340,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 4,080,000. Kwa kiasi hicho peving haifiki mbali, wala kisima. Matangi yanawezekana mkiyafanya kwa mtindo wa mchezo, yaani kuchanga na kupokea kwa zamu, ule ambao akina mama wa mtaani kwenu wanaujua kuliko mhasibu yeyote. Ongezeni mchango kwa kiasi mtakachokubaliana, nunueni kwa pamoja ili muombe punguzo, na kila mwezi nyumba kadhaa zipate simtanki na gata hadi zote zimalizike. Nani aanze? Moyo utawaambia muanze na wale watano wa bondeni, waliofurikiwa. Maji yatawaambia muanze na wa juu, wanaoyatoa. Mimi ningegawa: kila mzunguko nyumba moja ya bondeni kwa kila nyumba mbili za juu, na sababu yake isomwe kikaoni ieleweke na wote. Daftari la mweka hazina libandikwe picha kwenye kundi la WhatsApp kila mwisho wa mwezi, hata kama hakuna aliyeuliza.

Wapangaji msiwasahau. Nyumba nyingi siku hizi mwenyewe yuko Dar es Salaam na anayeishi humo ni mpangaji, naye ndiye anayebeba ndoo na kufagia majani. Akae kikaoni na azungumze. Mwenye nyumba achangie tangi, kwa sababu linabaki kwake. Mpangaji achangie kirikuu. Na muwe waangalifu na neno faini. Umoja wenu si serikali. Makubaliano yenu yanawafunga waliotia sahihi, na zaidi ya hapo kuna sheria ndogo za manispaa, ambazo msimamizi wake ni mtendaji wa mtaa. Mwalikeni yeye na mwenyekiti wa mtaa tangu kikao cha kwanza, wasije wakasikia habari zenu kwa mdomo wa aliyekasirika.

Kuna mengine mtakayoulizwa, nitayapitia kwa haraka. Taa za sola za barabarani ni jambo jema. Hapa kwetu, nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, paneli ielekee kaskazini kwa mwinamo mdogo, na vyuma vyake viwe vya kustahimili chumvi. Jikoni, kila nyumba itakayohama mkaa kwenda gesi inasaidia misitu ya wilaya za jirani, ila hilo ni la mfuko wa kila mtu na umoja usilazimishe. Wanaojenga bado waulizwe mchanga wao umetoka wapi: wa ufukweni unaila pwani yetu, na chumvi yake inakuja kuila nondo ya nyumba yao.

Kwa wale wanaosema mazingira ni mambo ya wenye fedha, usibishane nao. Waonyeshe hesabu ya siku 166, kisha waulize mwaka jana walinunua madumu mangapi ya maji.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, siku ya usafi, msianze kwa kufagia. Chukueni vijiti 50 vyenye vitambaa vyekundu mtembee mtaa mzima mkitokea juu. Maji ya msimu uliopita yameacha njia zake: mifereji midogo mchangani, takataka zilizonasa kwenye uzio, mstari wa tope ukutani. Kila alama wekeni kijiti. Mkifika bondeni, mwambieni mmoja wa wale watano asimame barazani kwake atazame juu, aone vijiti vilivyojipanga kuelekea mlangoni kwake, na wenzake wote wavione wakiwa wamesimama naye. Pigeni picha hapo, pimeni na urefu wa mapaa siku hiyohiyo, kisha unitumie vipimo nikupigie hesabu ya gata kabla mvua hazijaanza.